Filamu za zamani za misheni za vita: kwa nini tunakesha nazo mpaka leo?

MtotoWaBondeni (Nakuru)

Wadau hamjambo.

Jana stima zilirudi saa nne usiku hapa Nakuru. Nikawasha runinga, nikakuta The Guns of Navarone ndiyo inaanza. Asubuhi nilikuwa na kazi, kwa hiyo nikajiambia: naangalia mpaka wapande ule mwamba, basi, nalala. Saa saba kasoro nilikuwa bado nimeganda kwenye kiti, mguu mmoja umekufa ganzi, chai imeota ngozi juu, na mama watoto ameshakuja mlangoni mara mbili akanitazama bila kusema neno. Walio kwenye ndoa mnaijua hiyo.

Filamu yenyewe ni ya mwaka 1961, ya kikosi kinachotumwa kulipua mizinga ya Wajerumani kisiwani. Gregory Peck, David Niven, Anthony Quinn. Nimeiona labda mara kumi na tano. Najua nani atakufa na atafia wapi. Sasa kinachoninyima usingizi ni nini?

Nianzie mbali kidogo. Miaka ya tisini pale Bondeni kulikuwa na kibanda cha video: mabati, mabenchi ya mbao, blanketi limetundikwa mlangoni kuzuia mwanga. Ukichelewa unakaa chini mbele kabisa, unatoka na shingo imepinda. Mwenye kibanda alikuwa na kanda moja tu ya Navarone, na mtu wa nyumbani kwake alikuwa amerekodi harusi juu ya zile dakika ishirini za mwisho. Basi: Miller, yule wa vilipuzi, ameingia pangoni, ile mizinga miwili iko mbele yake kama nyumba, amepiga magoti anaunganisha waya wa baruti, kibanda kizima kimya, hata muuza karanga amesimama. Mara picha inaruka. Bibi harusi anakata keki, kwaya inaimba.

Tulikuwa tunapiga kelele, tunarusha maganda, na Jumamosi iliyofuata tunalipa tena. Mwisho wa ile filamu niliuona mwaka 2004, nikiwa mtu mzima na mshahara wangu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kama miaka yote ile tulilipia filamu isiyo na mlipuko, basi utamu wake haukuwa kwenye mlipuko. Utamu ni maandalizi. Ni ile meza yenye ramani, afisa mwenye kijiti anaonyesha: hapa kuna kisiwa, hapa kuna mlango wa bahari, hapa kuna mizinga ambayo ndege imeshindwa, na wanajeshi 2,000 wa Uingereza wamekwama kisiwa cha pili wakisubiri meli ambazo haziwezi kupita. Kisha unaonyeshwa watu. Huyu anapanda miamba. Huyu ni wa vilipuzi. Huyu anajua kisiwa. Wewe mtoto wa miaka kumi na moja, ambaye nyumbani unatumwa maji tu, unaona kwamba kumbe kila mtu anaweza kuwa na kazi moja ambayo asipoifanya yeye wote wanakufa.

Halafu mambo yanaharibika, na hapo ndipo filamu inapokuwa filamu. Mkuu wao anavunjika mguu kwenye mwamba. Mallory, yule mpanda miamba, akishika uongozi anamdanganya yule mgonjwa kuhusu mpango wenyewe, rafiki yake wa karibu, kwa sababu anajua Wajerumani watamkamata na kumdunga dawa ya kumfanya aseme. Na atasema kwa moyo safi kitu ambacho si kweli. Nilipokuwa mdogo niliona huo ni ujanja. Jana niliinuka nikaenda kunywa maji.

Na yule msichana Anna, anayesemekana aliteswa mpaka akawa bubu. Miller anavuta nguo yake mgongoni ili makovu ya kiboko yaonekane, na mgongo ni laini kabisa. Hakuna risasi, hakuna muziki, ni ngozi tu. Kibanda chote kilikuwa kinasema "aaaah" kwa sauti ya chini. Kumbe ni msaliti. Baada ya hapo swali ni nani atamuua, na wanaume wote wale mashujaa wanaangaliana. Anayefyatua risasi ni mwanamke mwenzake.

Nawauliza nyinyi: yenu ni ipi, na inawashikia wapi?

---

Omera_Kondele (Kisumu)

Mleta uzi nakuheshimu lakini umekosea filamu. Where Eagles Dare, 1968. Hiyo ndiyo baba yao. Richard Burton na Clint Eastwood, theluji, ngome juu ya mlima, na njia ya kufika ni kile kigari kinachoning'inia kwenye waya.

Watu wanasifu yale mapigano juu ya kigari, na kweli ni moto. Mimi kipande changu ni kile cha ukumbini. Wakubwa wa jeshi la Kijerumani wamekaa wanakula na kunywa, Burton anaingia na bunduki, halafu anaanza kuongea. Anasema yeye ni Mjerumani. Eastwood ananyang'anywa silaha. Dakika tano baadaye si Mjerumani tena. Anawapa wasaliti watatu waliokuwa kwenye kikosi chake madaftari waandike majina ya wapelelezi wenzao walioko Uingereza, ati kuthibitisha ukweli wao, na wajinga wanaandika! Wamekabidhi orodha yote kwa mikono yao wenyewe. Ile orodha ndiyo misheni. Jenerali mateka waliyekuja kumwokoa hata si jenerali, ni mwigizaji.

Nilikuwa form two. Nilitoka nje ya kibanda nikashindwa kumwamini hata kondakta wa matatu.

---

Mulembe_Tu (Kakamega)

Omera hiyo hiyo ndiyo inanichekesha. Wajerumani wa hizi muvi walisomea wapi kulenga? Eastwood amesimama katikati ya korido, bunduki moja kila mkono, kikosi kizima kinamjia, hata kofia haitoboki. Na begi la Burton linatoa baruti kama kapu la mganga, halimaliziki.

Halafu mwanzoni inatua helikopta kwenye ua wa ngome. Hiyo helikopta ni Bell 47. Iliruka mara ya kwanza Desemba 1945. Vita vilikuwa vimekwisha Ulaya tangu Mei!

---

Omera_Kondele

Mulembe wewe ndiye yule mtu anayehesabu risasi harusini.

---

Mulembe_Tu

Nahesabu chapati. Na sijasema siipendi. Nimeiona mara sita.

---

Binti_wa_Milimani (Kisumu)

Jameni mimi ni wa juzi, nilijaribu hiyo ya Navarone na baba. Saa mbili na nusu! Nusu saa ya kwanza ni wazee wanavuta sigara kuzunguka meza. Nililala kabla hata hawajapanda mashua.

---

MtotoWaBondeni

Binti, ndiyo maana yake. Ule uvivu wa mwanzo ni deni. Unakaa unawekeza. Ukifika kwenye mwamba, mvua inanyesha, mkono unateleza, unajua huyu ni nani na kwa nini asianguke. Za siku hizi mtu anaanguka ghorofa ya ishirini dakika ya pili na humjui hata jina.

Ila nakubali sigara zimezidi.

---

SajiniMstaafu (Lanet)

Vijana habari za jioni. Nimesoma nikasema nichangie kidogo, maana nilikula mkate wa serikali miaka 22.

Mnachosema kuhusu meza ni kweli kuliko mnavyojua. Sisi tulikuwa tunatengeneza ardhi kwa mchanga. Mto ni uzi wa bluu, barabara ni majivu, nyumba ni viberiti. Mnazunguka wote, na kila mmoja anasema kazi yake kwa sauti, kisha anasema kazi ya mwenzake wa kulia. Akikosea mnaanza upya. Kuna filamu ya 1967, The Dirty Dozen, ya wafungwa kumi na wawili wanaotolewa jela kwenda kuvamia jumba la maafisa. Meja wao, Lee Marvin, anawafundisha mpango mzima kama wimbo wa watoto wa chekechea, kila hatua ina namba na kibwagizo chake. Wachanga wanaona ni kichekesho. Mimi nilipoiona nilisema aliyeandika hii amewahi kuwa mahali.

Kisichokuwa kweli ni kelele. Wanatembea nchi ya adui wanapiga stori. Sisi kabla ya kuondoka usiku mlikuwa mnasimama mstari, kila mtu anaruka-ruka palepale alipo, na mkuu anapita akisikiliza. Kikilia kitu, funguo, kikombe, kifungo cha mkanda, unatoka mstarini unakwenda kukifunga kwa kitambaa. Unarudi unaruka tena. Nimewahi kurudishwa mara tatu kwa sababu ya sarafu moja ya shilingi iliyokuwa kwenye mshono wa suruali.

Hakuna filamu hata moja niliyoona watu wakiruka-ruka.

---

MtotoWaBondeni

Mzee shikamoo. Hiyo ya sarafu ningelipia kiingilio.

---

FundiDeki (Nakuru)

Niongeze upande wa biashara, maana nilikuwa na kibanda (si kile cha harusi, msinitafute). Misheni za vita ndizo zilikuwa rahisi zaidi kuonyesha kwa watu wasiojua Kiingereza. Kabla DJ Afro hajaja kutupigia maelezo ya Kiswahili na Sheng juu ya picha, kila kibanda kilikuwa na mtu wake wa kueleza, kawaida ni mtu amekaa mbele, hajalipa, ndiyo malipo yake. Kwenye filamu ya mapenzi huyo jamaa anakwama, atatafsiri vipi machozi? Misheni zinajieleza zenyewe mwanzoni. Ramani hii hapa, adui yuko huku, huyu wa masharubu ni wa mabomu. Baada ya hapo anakaa kimya, watu wanafuata wenyewe. Ukiona anaongea tena ujue kuna msaliti.

Na hiyo Dirty Dozen wazee wangu waliipenda kwa sababu ya Jim Brown. Mtu mweusi, miongoni mwa wale kumi na wawili. Alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, akaacha mchezo wakati filamu hiyo ikipigwa. Mwishoni anakimbia peke yake kwenye ua anadondosha guruneti moja moja kwenye mashimo ya hewa, gari linamsubiri, amebakisha hatua chache.

Nimeonyesha hiyo kanda labda mara themanini. Kila mara kibanda kizima kilikuwa kinasimama, "kimbia! kimbia!" Wanajua. Wameiona wiki iliyopita. Na bado walikuwa wanadhani safari hii atafika.

---

Mulembe_Tu

Hapo Fundi umegusa donda. Kwa nini yeye? Katika wale kumi na wawili amepona mmoja tu, Charles Bronson. Na filamu nyingi za aina hii sisi hatumo kabisa. Tukiwemo ni kubeba mizigo au kufa mapema ili mzungu akasirike.

---

Mwalimu_wa_Historia (Kisumu)

Salamu kwa wote. Nitaweka mambo mawili matatu ya kweli, kisha nitawaambia ya hapa kwetu.

Kwanza Alistair MacLean, aliyeandika kitabu cha Navarone na pia filamu ya Where Eagles Dare. Alikuwa baharia wa jeshi la Uingereza vitani, kisha mwalimu wa shule. Navarone haipo kwenye ramani yoyote, lakini vita vya visiwa vile vya Ugiriki vilikuwapo mwaka 1943, na Waingereza walishindwa. Leros ilianguka Novemba. Kwa hiyo ile filamu ni ushindi ambao haukutokea.

Ya kweli mara nyingi ni kimya zaidi, kama anavyosema Sajini. Kuna ile ya Norwe, ya kiwanda cha maji mazito cha Vemork, ambayo Wajerumani walikuwa wanayataka kwa utafiti wa nyuklia. Hollywood walitengeneza The Heroes of Telemark mwaka 1965, wakamweka Kirk Douglas na risasi za kutosha. Usiku wenyewe, Februari 1943, Wanorwe tisa walishuka bonde, wakapanda upande wa pili, wakaweka vilipuzi, wakatoka. Hakuna risasi hata moja iliyofyatuliwa. Kiongozi wao, Joachim Rønneberg, alikuwa na miaka 23, na alikuja kufa mwaka 2018 akiwa na 99. Lakini miezi mitatu kabla yao Waingereza walijaribu kwa videge vya kuvutwa visivyo na injini. Vilianguka, na waliosalimika wakauawa. Watu 41 walipotea. Hao hawana filamu.

Na The Great Escape, 1963, ile ya Steve McQueen na pikipiki. Pikipiki ni ya kubuni. Handaki ni la kweli. Walitoka watu 76 usiku wa Machi 1944, wakakamatwa 73, na 50 kati yao wakapigwa risasi. Waliofika salama ni watatu.

Ya hapa kwetu nitarudi nayo, nasahihisha mitihani.

---

NyarYala (Siaya)

Mimi husoma tu huku, leo niseme.

Babu yangu, sisi tulimwita kwara, alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles. Ukisema alikuwa Panyako, yaani wa kikosi cha vibarua, alikasirika siku nzima, maana kwake Panyako ni wa jembe na yeye alikuwa wa bunduki. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru begani. Hakuwa mtu wa hadithi. Ukimuuliza vita vilikuwaje anakwambia kulikuwa na matope.

Sasa kuna Krismasi moja mjomba alileta runinga ya nyeusi-nyeupe na betri ya gari, na kanda hiyo hiyo ya Omera, ya ngome na theluji. Boma lote tulijaa. Kwara alikaa kwenye kiti chake, ameshika mkongojo kwa mikono miwili, anaangalia kwa makini sana. Wale wanaume wameruka na parachuti, wamekusanya mizigo kwenye theluji, wanatembea. Kama dakika arobaini hivi akauliza kwa Kijaluo, "Chakula chao amebeba nani?"

Tukacheka. Akauliza tena, na hakuwa anatania. Mjomba akamwambia, mzee, hii ni sinema. Akasema anajua ni sinema, anauliza chakula kiko wapi. Begi lile limetoa kamba. Limetoa baruti. Limetoa redio. Sufuria iko wapi?

Kisha akatueleza, na ndiyo mara pekee alieleza kwa urefu. Kwamba mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, na gari lilikuwa linazama mpaka kwenye vioo. Kwa hiyo chakula kilitoka angani, ndege inapita inaangusha kwa mwavuli. Mingine inafika, mingine inavukia ng'ambo ya korongo mnaiona hivi hivi inaning'inia mtini. Siku moja gunia lilipasuka likianguka, mchele ukamwagika topeni, na wao wanne wakapewa kazi ya kuuokota. Walianza asubuhi. Waliosha kwa kofia za chuma. Alituonyesha kwa vidole vyake jinsi alivyokuwa anachambua punje, kidole gumba na cha shahada, taratibu, na vidole vile vilikuwa vinatetemeka kwa uzee.

Akasema ile ndiyo kazi aliyoifanya vizuri zaidi vitani. Kisha akaomba aonyeshwe wale wazungu wamefikia wapi.

---

SajiniMstaafu

Binti yangu, huyo mzee wako alikuwa askari. Ni hayo tu.

---

Omera_Kondele

NyarYala umeniharibia filamu zote. Nimerudia Navarone jana usiku mara moja tu kukagua. Wanakula kwenye harusi ya kijijini, ndipo wakakamatwa. Baada ya hapo sioni hata mkate.

---

Mwalimu_wa_Historia

Nimerudi, na NyarYala amenitengenezea njia.

Mnataka misheni? Iliondokea hapa hapa gatini Kisumu, Juni 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani na walikuwa na mlingoti mkubwa wa redio. Waingereza wakaamua uangushwe. Wakapakia kikosi kwenye meli za ziwa: Wazungu wa kujitolea, Wahindi wa Punjab, na Keya wa Batalioni ya Tatu. Mkuu ni Brigedia Jenerali Stewart. Sasa sikilizeni yaliyobaki kama ni filamu. Wanafika usiku, wanaonekana, mpango unaharibika. Mashua zinakwama chini ya genge lililosimama wima. Wanapanda. Kati ya wanaoongoza ni Frederick Selous, mwindaji, mtu wa miaka 63! Alfajiri wako juu na adui hakuwatarajia upande ule. Wanapigana siku mbili, wanaingia mjini, wanaangusha mlingoti, wanarudi melini.

Mwamba, mashua, usiku, mpango ulioharibika, kitu kimoja cha kulipua. Yote yaliyomo Navarone. MacLean alikuwa hajazaliwa.

---

Mhaya_wa_Kibuye (Kisumu)

Wakuu, mimi ni mtu wa Bukoba, nauza nguo soko la Kibuye mwaka wa tisa huu. Mwalimu umeishia pazuri kwenu. Kwetu wanaendelea. Baada ya mlingoti askari waliachiwa mji. Walivunja maduka na nyumba, wakabeba walichoweza. Kwa hiyo mkiitengeneza hiyo sinema naomba dakika ishirini za mwisho msirekodi harusi juu yake.

---

MtotoWaBondeni

Mhaya, hiyo imeingia.

---

Mwalimu_wa_Historia

Ni kweli, uporaji upo kwenye kumbukumbu zao wenyewe. Nakubali nilikata.

---

Dereva_wa_Mai_Mahiu

Habari za barabarani. Mimi nashuka Mai Mahiu karibu kila siku, na pale chini kuna kile kikanisa kidogo kando ya lami. Abiria wengi hawajui kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitaliano waliokuwa wanatengeneza barabara hiyo. Mateka walikuwa wengi Kenya wakati ule.

Sasa Nanyuki kulikuwa na kambi yao, namba 354. Mmoja, Felice Benuzzi, alikuwa anaamka kila siku anaona Mlima Kenya ukimtazama mpaka akashindwa kuvumilia. Akatafuta wenzake wawili, Balletto na Barsotti, na Januari 1943 wakatoroka. Si kwenda kwao, kwenda wapi na bahari yote ile? Walitoroka ili waupande mlima, na wakishaupanda warudi kambini. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ya mlima iliyochapishwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama.

Nawaletea hiyo kwa ajili ya swali la kwara. Kwa miezi hao jamaa walikuwa wanaweka akiba ya chakula chao cha kambi, kidogo kidogo, wanahesabu cha kila siku. Kitabu cha Benuzzi ukikisoma utaona nusu ya misheni ni tumbo. Barsotti hakuwa na afya, akabaki kambi ya chini. Wale wawili walijaribu kilele cha Batian kikawashinda, wakapanda Lenana, mita 4,985, wakachomeka bendera yao, wakashuka huku njaa inawauma. Siku kumi na nane jumla. Wakajirudisha wenyewe. Wakapewa siku 28 za kufungiwa, na mkuu wa kambi akawatoa baada ya saba, kwa kuheshimu walichofanya.

Hakuna mtu aliyeuawa na hakuna kilicholipuliwa. Mimi hiyo ndiyo namba moja yangu.

---

Binti_wa_Milimani

Hiyo ningeangalia hata saa tatu.

---

Omera_Kondele

Wazito, mbona tusikae siku moja tuangalie pamoja? Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Kisumu. Nina ukumbi wa mjomba Kondele, viti vipo.

---

FundiDeki

Projekta ninayo, nakuja nayo kutoka Nakuru. Jenereta iwe hapo tayari, siamini stima ya mtu.

---

MtotoWaBondeni

Nipo na Fundi kwenye matatu hiyo hiyo. Navarone, na mwisho wake uwepo! Mimi nitaikagua kanda kabla, dakika kwa dakika.

---

Mwalimu_wa_Historia

Ramani ya Bukoba naileta, dakika kumi kabla hatujaanza. Mhaya utamalizia.

---

Mulembe_Tu

Nahesabu risasi. Kwa sauti.

---

SajiniMstaafu

Nasoma nafurahi. Ukumbi upo, mitambo ipo, ramani ipo. Chakula amebeba nani?

---

NyarYala

Mimi mzee. Chapati na omena ya kukaanga. Nashuka stendi saa sita mchana na sufuria mbili, na ni nzito, kwa hiyo nataka watu wawili pale, si wa kusema "niko njiani".

---

Omera_Kondele

Nipo. Nashika upande mmoja.

---

Mulembe_Tu

Na mimi wa pili. Funika vizuri, hizo chapati nimeshazihesabu.